Barua ya wazi kwa uongozi wa kiwanda cha shaba: arseniki mnayoiondoa mnaipeleka wapi?

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji na Meneja wa Uchenjuaji,
Kiwanda cha shaba kilichopo katika kata yetu.

YAH: ARSENIKI INAYOTOLEWA KWENYE MADINI YA SHABA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika hadharani kwa sababu milango yote ya kawaida tumeshaibishia hodi. Barua zangu zilipokelewa getini kwenu na kugongwa muhuri. Wenzangu walipitia kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata. Tukaja pia kwenye mkutano wa ujirani mwema mliouitisha ninyi wenyewe, tukauliza mbele ya watu. Kila mara jibu limekuwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Jina la kampuni sitalitaja hapa, wala la wilaya. Mnajijua, na majirani wanawajua. Sitafuti kuwaharibia soko. Ninatafuta jibu, na sasa ninalitafuta mbele ya kila anayesoma.

Katika mkutano ule ofisa wenu alitueleza kwamba tangu tanuri la kuchoma makinikia, yaani unga wa madini uliosagwa na kupunguziwa mawe, lianze kazi, arseniki, elementi ya sumu inayokuja na madini ya shaba, katika shaba mnayouza imeshuka hadi kiwango ambacho wanunuzi wanakikubali. Ninamwamini. Nimefanya kazi ya uchenjuaji, yaani kutenganisha madini na mawe, maisha yangu yote ya utumishi na ninajua arseniki inavyomtesa mchenjuaji. Madini kama enajaiti na tenantaiti yana arseniki karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na ndani yake imeshikana na shaba yenyewe, kwa hiyo hata usage vipi, povu la kutenganishia madini litabeba vyote viwili. Wayeyushaji wengi huanza kukata bei arseniki inapopita takriban asilimia 0.2. China, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa makinikia ya shaba duniani, hairuhusu yaingie yakiwa na zaidi ya asilimia 0.5. Na katika shaba safi ya daraja la juu, ile inayokwenda kuwa nyaya za umeme, kikomo ni sehemu 5 tu katika milioni, kwa kuwa arseniki kidogo inatosha kuipunguzia shaba uwezo wa kupitisha umeme. Kwa hiyo nafahamu kwa nini mlijenga tanuri, na uamuzi wenyewe siupingi.

Ninachopinga ni kuishia katikati ya sentensi. Arseniki ni elementi, moto hauimalizi. Ikitoka kwenye shaba imekwenda mahali: kwenye moshi, kwenye vumbi la vichujio, kwenye maji ya asidi, au kwenye mabaki. Mnunuzi wenu wa ng'ambo ameandikiwa cheti kinachoonyesha kwamba kwake haikufika. Sisi tunaokaa upande wa upepo hatujaonyeshwa karatasi yoyote inayosema imefika wapi.

Hesabu yake si ngumu. Chukueni tani 100 za makinikia yenye arseniki asilimia 1. Humo mna tani 1 ya arseniki. Ikipanda kwenye gesi ya tanuri na kukutana na oksijeni inakuwa takriban tani 1.3 za arseniki trioksidi, unga mweupe usio na harufu wala ladha, ambao mtu asiyejua angeudhani sembe. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za arseniki kwa lita. Kwa kipimo hicho, tani ile moja inatosha kufikisha kikomo lita bilioni 100 za maji. Makinikia yenu yana asilimia ngapi hamjawahi kutuambia, na hilo lenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Jotoridi la gesi kwenye vichujio.

Mlituonyesha jengo la vichujio vya mifuko na kusema vumbi lote linanaswa. Vumbi, sawa. Lakini gesi inapotoka kwenye tanuri la nyuzi 600 au 700 za Selsiasi, arseniki trioksidi imo ndani yake ikiwa mvuke, na mvuke hupita kwenye kitambaa bila kizuizi. Ili igande na kuwa chembe zinazoweza kunaswa, gesi lazima ipozwe kwanza hadi karibu nyuzi 120 au chini yake. Ikifika kwenye mifuko ikiwa na nyuzi 200, sehemu kubwa itatoka kwenye bomba la moshi, ipoe angani, na ianguke kwenye mabati ya nyumba zetu, kwenye mihogo na kwenye malisho. Bomba litaonekana safi kabisa, maana mvuke huo hauonekani kwa macho.

Niliuliza swali moja tu: gesi inaingia kwenye vichujio ikiwa na nyuzi ngapi? Kiwanda chochote chenye kipimajoto kinalijibu kwa dakika moja. Sikujibiwa. Narudia swali hilo hapa, na naongeza la pili: umeme ukikatika na feni za kupoza zikasimama, tanuri nalo linazimwa, au linaendelea kuchoma huku gesi ikipitishwa njia ya pembeni? Majirani wa upande wa magharibi wanasema usiku wa kukatika umeme ndio usiku wa kukohoa.

Chile, nchi inayozalisha shaba nyingi kuliko zote, haikuliacha jambo hili kwenye hiari ya kiwanda. Kanuni yake ya mwaka 2013 inayataka matanuri ya zamani ya kuyeyusha shaba yanase angalau asilimia 95 ya arseniki inayoingia, na mapya asilimia 99.976. Ili uthibitishe asilimia hiyo huna budi kupima kinachoingia na kinachotoka.

2. Vumbi lililonaswa, na magunia yake.

Tuseme basi vichujio vinafanya kazi vizuri. Hapo ndipo hatari inapokusanyika. Vumbi mnalolikung'uta lina arseniki nyingi kuliko mbale (mawe yenye madini) yoyote iliyowahi kuletwa na wachimbaji wadogo getini kwenu, na tofauti na mbale, hili linayeyuka: lita moja ya maji inaweza kubeba takriban gramu 20 za arseniki trioksidi, zenye arseniki takriban mara milioni moja na nusu ya kile kikomo cha maji ya kunywa. Hili mmeliweka kwenye sandarusi, juu ya udongo mtupu, chini ya turubai lililochanika, hatua chache kutoka kwenye korongo linaloshuka mtoni. Mto wetu ni wa msimu. Kiangazi akina mama huchimba mchanga wake kutafuta maji ya kunywa.

Mbaya zaidi, sandarusi tupu zinatoka nje. Vibarua wanapewa au wanajichukulia, na siku ya mnada nimeziona zikiuzwa kwa ajili ya kubebea mahindi, zikiwa bado na alama za kiwanda. Kwa jambo hili sisubiri utafiti wa mtu yeyote. Lisimamishwe leo.

Kama mnaona natia chumvi kuhusu vumbi la matanuri, tazameni mji wa Yellowknife kule Canada. Mgodi wa dhahabu uitwao Giant ulichoma mawe yenye arsenopiriti, madini ya chuma yaliyobeba arseniki, kuanzia miaka ya 1940 hadi mwaka 1999. Mwaka 1951 mtoto wa miaka miwili wa jamii ya wenyeji alikufa kwa sumu ya arseniki, baada ya familia yake kutumia maji ya theluji iliyoangukiwa na moshi ule. Vumbi lililonaswa baadaye lilirundikwa chini ya ardhi hadi likafika tani 237,000. Kampuni ilifilisika, serikali ikarithi mzigo, na sasa miamba inayozunguka vyumba hivyo inagandishwa kwa barafu ili maji yasilifikie vumbi hilo. Ile ni nchi tajiri. Halmashauri yetu haiwezi hata kukarabati bomba la maji ya zahanati.

3. Chokaa na bwawa la tope sumu.

Kwenye maji ya asidi mnaweka chokaa, arseniki inashuka chini, maji yanapimwa, yanafaulu, yanaelekezwa bwawani. Wahandisi wenu wananielewa nikisema kwamba chokaa peke yake inanunua muda tu. Kinachoshuka ni kalsiamu arseneti. Ikikaa wazi, hewa ukaa iliyomo angani huivunjavunja polepole, kalsiamu inageuka kuwa kabonati, na arseniki inarudi kwenye maji. Sampuli ya siku ya kwanza inafaulu, ya miaka kadhaa baadaye inafeli, na wakati huo pengine kiwanda kimeshafungwa na meneja amehamia nchi nyingine.

Njia inayokubalika inajulikana. Kwanza arseniki ioksidishwe, yaani iongezewe oksijeni, kwa haidrojeni peroksaidi au kioksidishaji kingine, kwa sababu ile inayotokana na trioksidi haishikwi vizuri na chuma mpaka ifanyiwe hivyo. Kisha ifungwe kwa chumvi ya chuma ya feriki, kwa uchache atomi tatu za chuma kwa kila atomi moja ya arseniki, na wengi huweka zaidi ili walale usingizi. Kilicho bora ni kuifanya fuwele za skorodaiti, madini yanayofunga arseniki pamoja na chuma, kwa kuipika kwenye asidi karibu na jotoridi la kuchemka. Fuwele hizo zinahitaji chuma kidogo, zinachukua nafasi ndogo, na hutulia zikihifadhiwa mahali pasipo na alkali kali. Chile wanafanya hivyo kwa vumbi la matanuri yao. Chuma hakiwapungukii ninyi. Yadi yenu imejaa chakavu.

4. Vyuma chakavu kwenye asidi.

Hili linawahusu wafanyakazi zaidi kuliko majirani, na ndilo linaloweza kuua mtu ndani ya zamu moja. Mnatoa shaba kwenye mmumunyo kwa kuitumbukizia vyuma chakavu. Chuma kikikutana na asidi hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikizaliwa mahali penye arseniki hutengeneza gesi ya arsini. Inanuka kama kitunguu saumu, lakini ukishaisikia harufu umekwisha kuvuka kiwango cha usalama. Inavunja chembe nyekundu za damu. Dalili huja saa kadhaa baadaye, kibarua akiwa ameshafika nyumbani: tumbo, mkojo mwekundu uliokolea, macho ya manjano. Zahanati yetu itamtibu malaria.

Je, kuna king'ora cha arsini kwenye matangi yale? Kuna feni ya kuvuta hewa? Vijana niliozungumza nao wanavaa barakoa za kitambaa.

5. Hatujaona kipimo hata kimoja.

Si cha visima, si cha udongo, si cha mkojo wa wafanyakazi, si cha moshi. Ukaguzi unafanyika, magari tunayaona yakiingia na kutoka, lakini matokeo hayashuki kwa wananchi.

Niseme wazi kwamba sitaki kiwanda kifungwe. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia makontena ya makinikia kusafirishwa nje, nilikuwa upande wa waliosema tuchenjue hapa hapa, na bado niko upande huo. Vijana wetu wanapata ajira kwenu, wachimbaji wadogo wana pa kuuzia mbale zao, na shaba inatoka ikiwa na thamani zaidi. Ila kuna jambo tulilosahau katika mjadala ule. Makinikia yalipokuwa yakiondoka, arseniki iliondoka nayo ikawa tatizo la watu wa mbali. Tulipoomba tanuri lijengwe nyumbani tuliomba na sumu ibaki nyumbani, na hakuna aliyeandaa mahali pa kuiweka.

Namibia wamelipitia hili. Tanuri la Tsumeb lilikuwa miongoni mwa machache duniani yaliyopokea makinikia yenye arseniki nyingi, na kwa miaka mingi yalikuja kwa meli kutoka mgodi wa Chelopech, Bulgaria. Shaba na dhahabu vilitolewa vikaenda sokoni. Arseniki ya Bulgaria ikabaki kwenye jalala la Namibia. Mwaka 2012 serikali yao iliagiza kiasi cha makinikia kinachoingia tanurini kipunguzwe mpaka mazingira ya kazi na ya mji yarekebishwe. Namtaja Namibia si kwa kumlaumu mtu, bali kwa sababu agizo lile linaonyesha kwamba serikali ya Kiafrika inaweza kumwambia mwenye tanuri apunguze mwendo, na tanuri likaendelea kuwapo.

Sasa, najua mtakayosema, kwa sababu mengine mmeshayasema.

Mtasema arseniki ni ya asili katika miamba ya huku. Inawezekana kabisa. Ndiyo maana mradi wa namna hii huanza kwa kupima visima na udongo kabla ya tanuri kuwashwa. Kama vipimo hivyo vilifanyika wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, viwekeni mezani tulinganishe na vya leo. Kama havikufanyika, basi hoja ya asili hamna pa kuisimamishia.

Mtasema mna cheti cha mazingira. Cheti ni ruhusa yenye masharti, na tunachotaka kuona ni utekelezaji wa masharti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inaweka msingi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa.

Mtasema wafanyakazi wachache waliopimwa walionekana na arseniki kwa sababu wanakula samaki. Ni kweli samaki, hasa wa baharini, wana aina ya arseniki ambayo haina madhara makubwa na hutokea kwenye mkojo. Lakini maabara inaweza kuitenganisha na ile ya sumu, na mfanyakazi anaweza kuombwa asile samaki siku chache kabla ya kipimo. Sisi huku chakula chetu ni ugali na mlenda.

Mtasema hakuna aliyeugua. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu arseniki haina haraka. Mji wa Antofagasta, Chile, ulikunywa maji ya mto yenye arseniki nyingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1970. Chanzo kilikuwa cha asili, si kiwanda. Mtambo wa kusafisha maji ulipojengwa mwaka 1970 watu walidhani yameisha, lakini vifo vya kansa ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa. Mtoto anayekunywa maji ya mchangani leo atapata jibu la swali hili akiwa mtu mzima.

Mtasema ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Mmeshaipata nafuu upande wa pili kwa kuepuka makato ya wanunuzi. Sehemu ya nafuu hiyo itumike kuifunga arseniki iliyoileta.

Ninachoomba, na ninaomba kwa maandishi ili jibu nalo liwe la maandishi:

(a) Chapisheni kila mwezi mizania ya arseniki: kilo ngapi zimeingia kwenye mbale na makinikia, ngapi zimetoka kwenye shaba, vumbi, tope, maji na moshi. Kama jumla haikubaliani, mseme tofauti ni kiasi gani. Hili ndilo ombi langu kubwa, na mengine yote yanalitegemea.

(b) Tanuri lisichome wakati gesi haijapozwa ipasavyo, na rekodi ya jotoridi ionekane kwa mkaguzi wakati wowote.

(c) Vumbi lote lihamishiwe kwenye ghala lenye sakafu ya zege, paa na kufuli, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Sandarusi zilizotumika zisitoke tena, na zilizo vijijini zikusanywe kwa kubadilishwa na mpya.

(d) Tope lililomo bwawani lipimwe uwezo wake wa kuachia arseniki likikaa muda mrefu, na mpango wa kuhamia kwenye ufungaji kwa chuma utangazwe pamoja na tarehe zake.

(e) Ving'ora vya arsini viwekwe, na wafanyakazi wote, vibarua wakiwamo, wapimwe mkojo na kila mmoja akabidhiwe majibu yake mkononi.

(f) Visima vya vijiji jirani na lambo la mifugo vipimwe na maabara isiyo ya kiwanda. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

(g) Fedha za kufunga na kutunza bwawa zitengwe sasa, mahali ambapo kampuni ikifilisika hazitafilisika nayo.

Naomba jibu ndani ya siku 30. Nipo tayari kukaa na wahandisi wenu siku yoyote, bila malipo, kupitia michoro ya mtambo mstari kwa mstari. Wapo miongoni mwao vijana wazuri ambao najua wangependa kuifanya kazi hii inavyotakiwa wakiruhusiwa. Mkutano wa kijiji ujao umeshapangiwa ajenda, na barua hii itasomwa pale. Ingefaa meneja wa uchenjuaji afike mwenyewe, akiwa na takwimu za aya ya (a), hata kama mwanzoni zitakuwa na mapengo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchenjuaji mstaafu na mkazi wa kata,
kwa niaba yangu na ya majirani walioniomba niandike.

Nakala:
Wizara ya Madini
Tume ya Madini
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Mwenyekiti wa Kijiji, kwa kubandikwa ubaoni